Meli Iliyosindikizwa

Sindano alizibandika ramani tatu kwenye kioo cha dirisha, moja juu ya nyingine, na jua la saa tano asubuhi likazipenya zote kwa pamoja. Akarudi nyuma hatua mbili kutazama, na kalamu aliyokuwa ameiuma ikamponyoka mdomoni.

Ramani ya chini ilikuwa ya meli ya kubeba mbao, iliyopotea miaka miwili nyuma na mabaharia wake wote. Ya katikati ilikuwa ya ndege ya barua, iliyopotea mwaka jana na marubani wawili. Ya juu ilikuwa ya meli ya kubeba saruji, ambayo leo ilikuwa inatimiza siku ya sita bila kusikika, na watu kumi na mmoja ndani. Kila ramani ilikuwa na msalaba mmoja wa wino pale chombo kilipotoweka. Magazeti yalikuwa yamekwisha kupabatiza mahali hapo Koo la Bahari, na kila wiki yalimleta mtaalamu mpya wa kueleza koo hilo linamezaje: mmoja alisema sumaku, mwingine gesi, wa tatu alisema mambo ambayo hata mhariri aliyachapa kwa herufi ndogo.

Ramani hizo zilikaa kwenye makabati ya ofisi tatu, na hakuna aliyepata kuzikutanisha. Sasa zimekutana. Kama kweli kulikuwa na koo, misalaba ingezunguka mahali fulani. Haikuzunguka. Sindano alichukua rula, akaiegemeza kwenye kioo, na rula ikagusa misalaba yote mitatu, toka kaskazini hadi kusini, bila kupinda hata unywele.

Alisimama pale ameduwaa, mkono bado juu ya kioo. Alikuwa na miaka kumi na saba ya kuchunguza ajali za baharini, na hilo jina la Sindano wenzake walimpa kwa sababu alikuwa mwembamba, hasemi sana, na akishaingia mahali hatoki bila damu. Katika miaka yote hiyo hakuwahi kuiona bahari ikipiga mstari ulionyooka. Mistari ya namna hiyo hupigwa na watu, wakiwa wamekaa mezani.

Aliziviringisha ramani, akatoka. Kwenye benchi la ukumbini alikuwa amekaa mke wa fundi mitambo wa meli ya saruji, mkoba magotini, pale pale alipokuwa jana na juzi. Ndugu wa mabaharia wengine walikuwa wanakuja na kuondoka, wakilia na kunyamaza, lakini huyu alifika kila siku ofisi inapofunguliwa, akakaa. Alimwuliza Sindano kama ni kweli kwamba saa kumi na moja jioni utafutaji unasimama. Sindano alisema ni kweli, kamanda amekwisha kuandika.

"Basi, dada, fanya haraka," alisema mwanamke yule, na akamsogezea miguu apite.

Chumba cha redio kilikuwa ghorofa ya tatu, nyuma ya mlango mzito uliovikwa sponji ili kelele za ngazini zisiingie. Mlikuwa na mitambo miwili mikubwa iliyotoa joto na harufu ya vumbi lililoungua, saa ya ukutani, birika la chai, na kitabu cha zamu chenye jalada gumu la kijani. Kitabu hicho kilikuwa safi mno. Kila meli iliyokuwa katika eneo lao iliita mara nne kwa siku: saa kumi na mbili asubuhi, saa sita mchana, saa kumi na mbili jioni na saa sita usiku. Ikitaja mahali ilipo, kasi yake na hali ya hewa, opereta wa zamu anaandika mstari mmoja na kutia saini. Ndege ndogo zilizovuka bahari ziliita hapo hapo, kila nusu saa.

Mkuu wa chumba alikuwa Mzee Masafa, mtu wa miaka thelathini na minane kwenye redio, ambaye aliweza kuitambua meli kwa jinsi nahodha wake anavyokohoa. Opereta wa zamu alikuwa Kipaza, aliyeitwa hivyo kwa kuwa hajui kunong'ona. Sindano alimwamkia mzee, akaitikiwa vizuri, akakaribishwa chai. Hakuiona hiyo chai. Alikuwa anatazama ukuta, kwenye ramani kubwa ya bahari, ambako mstari mwekundu ulishuka toka kaskazini hadi kusini.

"Mzee, huu mstari ni wa nini?"

"Mpaka, mwanangu. Upande wetu meli tunazisikiliza sisi. Ikivuka hapo, ni ya kituo cha jirani."

Sindano alifungua ramani zake, akachukua pini tatu, akazichomeka ukutani moja baada ya nyingine. Zote tatu ziliingia kwenye wino mwekundu. Mzee Masafa alikuwa anamimina chai, na akaendelea kumimina mpaka kikombe kikafurika na chai ikaingia kwenye sahani.

Jambo la kwanza lililomjia Sindano lilikuwa baya: huko kituo cha jirani kuna mtu. Mtu anayejua meli zinavuka lini, zimebeba nini, na anayezisubiri mpakani. Alishika simu, akasubiri dakika kumi na nne laini ipatikane, akazungumza na mkuu wa kituo hicho, bwana mmoja aliyejibu kama askari anayehesabiwa kwenye gwaride. Alimwuliza nani alikuwa zamu siku zile tatu. Walikuwa watu watatu tofauti, mmoja wao amekwisha kustaafu. Alimwuliza wanafanyaje meli inapovuka. Bwana yule alisema wanaiita saa ya kuita ikifika; wanaita mara tatu; isipojibu wanapiga kengele ya hatari na kutuma simu kila mahali. Sindano aliuliza kama hawangoji kidogo, labda nahodha amelala, labda redio inasumbua.

"Tungoje nini?" aliuliza yule bwana. "Hajajibu, hajajibu."

Sindano aliweka simu chini, na uzi wake wa kwanza ukakatika. Watu waliopiga kengele papo hapo hawakuwa watu wa kuficha kitu. Lakini swali la kungoja aliliuliza kwa mazoea tu, na jibu lake lilibaki limemkwama. Jirani hangoji. Je, hapa?

Akaomba kitabu cha zamu.

Alikisoma akiwa amesimama, kidole kikishuka kwenye mistari ya meli ya saruji tangu ilipotoka bandarini. Siku ya kwanza iliita saa kumi na mbili na dakika nne asubuhi. Mchana, saa sita na dakika kumi na moja. Jioni, kumi na mbili kasoro dakika tatu. Kasi ilikuwa nane na nusu, mara tisa na robo, mara nane. Ilikuwa meli ya kawaida yenye nahodha wa kawaida, anayemaliza sigara yake kwanza ndipo ashike redio. Kisha kidole kilifika mistari mitatu ya mwisho, kikasimama. Saa sita kamili usiku. Saa kumi na mbili kamili asubuhi. Saa sita kamili mchana. Kasi tisa, tisa, tisa. Akachukua rula na kupima kwenye ramani: toka alama hadi alama maili hamsini na nne, hamsini na nne, hamsini na nne.

"Kipaza," alisema, "hii meli nidhamu ilijifunza lini?"

Kipaza alisema hakuelewa. Sindano alimwonyesha. Kipaza alisema mara nyingine bahari ikitulia meli huenda hivyo. Sindano alimwuliza kama yeye mwenyewe ndiye aliyeuandika mstari wa mwisho, wa saa sita mchana. Alisema ndiye, saini ni yake. Aliulizwa kama aliisikia meli. Hapo kijasho chembamba kikamtoka juu ya mdomo, akasema alisikia, ila kwa mbali, mawimbi ya redio yalikuwa mabaya siku hiyo.

Kulikuwa na mashine ya kunasa sauti iliyorekodi kila kilichopita chumbani, na tepu zilikaa siku thelathini kabla ya kufutwa na kutumika tena. Tepu za ndege ya barua na meli ya mbao zilikuwa zimefutwa zamani. Za wiki iliyopita zilikuwa kabatini. Mzee Masafa mwenyewe ndiye aliyeitafuta ya mchana ule, akaivika kwenye mashine, vidole vyake vikiwa na uhakika wote wa mtu ambaye hana cha kuogopa. Mpaka wakati huo alidhani anamtetea kijana wake.

Tepu ilizunguka. Ilisikika sauti ya Kipaza, kubwa na ya uchangamfu, ikiiita meli ya saruji mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mvumo. Mvumo tena, muda mrefu, kama mvua juu ya bati. Halafu ukasikika mlio mwembamba wa kijiko kikigonga kikombe, mtu anakoroga sukari. Halafu karatasi ikageuzwa. Halafu Kipaza akaanza kuimbia puani, na meli nyingine ikaita.

Watu watatu wale walibaki wakiitazama mashine. Sindano alikuwa amesikia tepu za watu wakifa, akazizoea kwa kadiri mtu anavyoweza kuzizoea, lakini kijiko kile kilimshinda. Watu kumi na mmoja hawajibu, na mtu anakoroga chai. Alipomgeukia Kipaza, hakuona mtu mwovu. Aliona mtu aliyeshtuka kuisikia sauti yake mwenyewe.

"Niliisindikiza," alisema Kipaza, na safari hii kweli alinong'ona.

Mzee Masafa aliketi. Ilibidi yeye ndiye aeleze, kwa maana jambo lenyewe lilikuwa lake. Zamani, alisema, meli ikikosa kuita hata mara moja, sheria ilitaka kengele ya hatari ipigwe, ndege zitoke, na baadaye nahodha aitwe kujieleza, pengine anyang'anywe cheti. Na mara tisini na tisa kwa mia ilikuwa si chochote: betri, usingizi, redio imelowa. Manahodha ni watu wao, wanajuana kwa sauti miaka na miaka. Basi akaanzisha utaratibu wa huruma. Meli ikinyamaza, opereta anaihesabia: kasi yake inajulikana, njia inajulikana, hali ya hewa anaitoa kwenye taarifa ya asubuhi. Anauandika mstari kana kwamba imeita, kisha anaingojea mara inayofuata. Waliita kusindikiza. Unamtoa mgeni hatua chache barabarani, alisema, humwachi peke yake.

"Lakini ni mara moja tu," aliongeza haraka. "Hiyo ndiyo amri. Mara ya pili ikinyamaza, kengele."

"Na wa zamu inayofuata anajuaje kwamba mstari uliotangulia ni wa kusindikiza?"

Mzee alisema walikuwa wanatia nukta ya penseli pembeni. Sindano alikifungua kitabu kwenye dirisha, akakitazama ukurasa kwa ubavu, akatafuta nukta. Hapakuwa na nukta. Kipaza, kwa sauti ya mtu anayesoma hukumu yake, alisema nukta zilikoma miaka mitatu iliyopita, alipokuja mkaguzi kutoka wizarani akalalamika kwamba kitabu cha serikali kimechafuliwa kwa penseli. Mzee Masafa alikubali. Tangu hapo kitabu kikawa kisafi, na chumba kikapewa barua ya pongezi. Barua hiyo ilikuwa imetundikwa ukutani, chini ya saa.

Ilichukua muda kabla jambo lenyewe halijawafikia wote watatu, na lilipofika lilifika kwa kila mmoja kwa wakati wake. Sindano ndiye aliyetangulia. Aliomba tepu ya saa kumi na mbili asubuhi. Opereta wa zamu ile, mwanamke mwenye sauti ya upole, aliita mara tatu, hakujibiwa. Akaomba ya saa sita usiku. Aliyekuwepo aliita mara mbili, akapiga mwayo. Hakuna jibu.

Sindano aliwapigia simu wote wawili nyumbani. Hawakuwa na ubishi. Yule mama alisema ndiyo, aliisindikiza, maana usiku ilikuwa imeita vizuri, imeandikwa. Yule wa usiku alisema ndiyo, aliisindikiza, na alifurahi kuona kesho yake asubuhi kwamba imeita. Walipotangaziwa kwamba meli imepotea, wala hawakuwa na wasiwasi juu ya mistari yao. Kila mmoja aliuliza swali lile lile, kwa mshangao ule ule: lakini mchana ilisikika, si ndiyo?

"Haikusikika," Sindano aliwaambia wote wawili.

Kipaza peke yake ndiye aliyekuwa na la kumkosesha usingizi. Alikuwa amepiga hesabu siku ya kwanza tu ya utafutaji. Duara walilozipangia ndege lilikuwa la maili mia na ishirini kila upande wa msalaba. Toka msalabani kurudi hadi mahali pa saa kumi na mbili asubuhi ni maili mia na nane. Hata kama meli ilizama mara tu baada ya kuita asubuhi, alijiambia, bado imo ndani ya duara, na mdomo wake hautaongeza kitu ila kumfukuzisha kazi. Hesabu ilikuwa sahihi kabisa. Ila asubuhi nayo ilikuwa ya kusindikizwa, na usiku pia. Meli ya saruji haikuwa imesikika na sikio la binadamu tangu saa kumi na mbili kasoro dakika tatu jioni ya siku iliyotangulia. Ilizama huko nyuma, na kwa siku nzima chumba hiki kiliendelea kuitembeza kwenye karatasi, maili tisa kila saa, mpaka kilipoifikisha mpakani na kuikabidhi kwa watu ambao hawasindikizi.

Ndiyo maana misalaba ilikuwa kwenye mstari. Hakuna chombo kilichofika pale.

"Mungu wangu," alisema Mzee Masafa polepole. "Tunatafuta maili mia mbili na kumi na sita mbele yao."

Ilikuwa saa saba na nusu. Walisikiliza tepu ya jioni ile, ya kweli, na nahodha wa meli ya saruji aliingia chumbani akiwa hai. Alitaja mahali, kasi, upepo. Kisha akasema kwa kicheko cha uchovu kwamba fundi yuko chini na pampu tangu mchana, amegoma hata kula, anasema hiyo saruji ikilowa itawageuza sanamu. Opereta alicheka naye, wakaagana. Kwenye kitabu palikuwa na nafasi ya mahali, kasi na upepo. Nafasi ya maneno ya fundi haikuwepo, kwa hiyo hayakuandikwa. Sindano aliifikiria meli inayoingiza maji tangu mchana, na mzigo unaonyonya maji na kuzidi uzito, akaona kwamba haikumaliza hata saa tatu baada ya pale.

Alimpigia kamanda wa utafutaji. Kamanda alikuwa mtu wa heshima na mchovu, na alichosikia hakikumwingia mara moja. Aliuliza mara mbili kama Sindano anamaanisha kwamba taarifa zilizotiwa saini si taarifa. Alipoelewa alisema ana mafuta ya safari moja tu kwa ndege mbili, na akikosea hapo hana pa kurudi. Aliuliza azipeleke wapi hasa.

Mzee Masafa alikuwa amekwisha kuinama juu ya ramani. Hakuna aliyemwomba. Alichukua mahali pa jioni ile, akaongeza maili za saa tatu, kisha akaanza kuishusha boti ya mpira siku baada ya siku, kwa mkondo wa kusini-magharibi, maili kumi na tano kila siku, akirekebisha kwa upepo alioukumbuka kichwani. Alipofika siku ya sita aliweka nukta ya penseli. Sindano aliisoma kwenye simu. Nukta hiyo ilikuwa karibu na nchi kavu kuliko duara lote la utafutaji.

"Kila asubuhi tunapita hapo," alisema kamanda, na sauti yake ilikuwa imebadilika.

Baada ya hapo kazi ilikuwa kungoja. Kipaza alikaa kwenye mtambo wake, akijibu meli moja moja, na hakuigusa chai. Saa nane ikapita, saa tisa ikapita. Mzee Masafa aliinuka, akaliendea kabati, akatoa kitabu cha miaka miwili nyuma na kukiweka mbele ya Sindano. Sindano hakuhitaji kuambiwa afungue wapi. Meli ya mbao: dakika tano, dakika tisa, kasoro mbili. Kisha saa kamili, saa kamili, saa kamili, saa kamili. Mistari minne. Saini ya wa tatu kati yake ilikuwa ya Mzee Masafa mwenyewe, kutoka siku alizokuwa bado anashika zamu.

Kila mtu ndani ya jengo lile alijua kwamba ofisa wa tatu wa meli ya mbao alikuwa mwanawe wa pekee.

"Niliita, hakujibu," alisema mzee. "Nikasema amelala, huyu anapenda usingizi tangu mdogo. Usiku walikuwa wamemsikia, nikamwandikia."

Sindano alikuwa na hasira naye toka saa sita mchana, hasira ya haki kabisa, na sasa hakujua aipeleke wapi. Mzee aliendelea kwa sauti ya kawaida. Alisema kwa miaka miwili amekuwa akiwaambia mama yake kijana na mkewe kwamba angalau ilikuwa ghafla. Chombo kimeita vizuri, saa sita baadaye hakipo. Hakuna wa kuteseka. Watu wa Koo la Bahari walipokuja kumhoji aliwakaribisha vizuri, kwa sababu koo humeza mara moja.

Simu ililia saa kumi na dakika ishirini na tano. Kamanda hakusalimu. Rubani wa ndege ya pili ameona boti ya mpira, maili thelathini na moja kutoka kwenye nukta. Ina watu. Wanapunga shati. Kipaza alilaza kichwa juu ya mtambo na mabega yakaanza kutikisika. Sindano alishika ukingo wa meza, kwa maana kuamini ni jambo moja na kuambiwa ni jambo jingine. Watu walikuwa hai. Bado dakika thelathini na tano na karatasi ya kuwaacha ingeanza kazi.

Meli ya uvuvi iliyokuwa karibu iliwafikia saa kumi na moja na nusu, na nahodha wake akawasoma kwa redio mmoja mmoja kwa vyeo vyao, Kipaza akiandika. Tisa. Wawili walikwenda na meli, mpishi na baharia mmoja. Fundi mitambo alikuwemo, mkono umevunjika, anauliza kama mkewe ameambiwa. Sindano alishuka ngazi zote mbio, yeye ambaye hakuna aliyewahi kumwona akikimbia. Mwanamke yule alipomwona alisimama, mkoba ukaanguka, akausikiliza ujumbe hadi mwisho, akauliza arudie. Alirudiwa. Akakaa tena, akawa anatazama mbele, anapumua kwa mdomo.

"Kwani siku zote sita mlikuwa mnamtafuta wapi?" aliuliza.

Sindano alimwambia. Hakupunguza wala kuongeza. Mwanamke yule alimtazama kama mtu anayetazama nyumba yake ikiungua huku watoto wote wako nje salama, hajui aanze na lipi. Mwisho alisema anataka kusikia sauti ya mumewe, na Sindano akampandisha juu.

Chumbani, nahodha wa meli ya uvuvi alikuwa bado anazungumza. Alisema watu aliowaokoa wako vizuri kuliko alivyotegemea, boti yao ilikuwa na maji ya kutosha. Ila wana uchungu, alisema, hawaachi kusimulia. Kila asubuhi waliona ndege zikipita juu yao zikienda, na kila jioni wakaziona zikirudi. Walipiga kelele, walipunga nguo, waliwasha fataki mpaka zikaisha siku ya tatu. Ndege zilikuwa juu sana, zina haraka ya kufika mahali.

Mke wa fundi alipewa kipaza sauti, akaanza kuzungumza na mumewe, na kwa adabu wengine wakasogea dirishani. Mzee Masafa alikuwa amekifunga kitabu cha zamani na kukishika kifuani. Uso wake ulikuwa umekauka.

"Mwanangu," alimwambia Sindano, "boti ya meli ya mbao ilikuwa na maji ya siku ngapi?"

Sindano alikuwa amelisoma faili asubuhi ile ile. Angeweza kusema hakumbuki, na mzee angemshukuru. Lakini chumba hicho kilikuwa kimeandika vya kutosha mambo ambayo hayakusikika.

"Kumi na mbili."

Mzee aliitikia kwa kichwa. Nyuma yao mwanamke alikuwa anacheka na kulia kwenye redio, akimwuliza mumewe ni mkono gani uliovunjika.

"Wakati ule kamanda aliniuliza mimi, kwa niaba ya wazazi wote," alisema Mzee Masafa. "Siku ya saba. Nikamwambia aache kutafuta."